Maiki Iliyomgusa Yuditha

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniacha nizeeke nikiwa na vidole vyangu vyote. Katika kazi niliyofanya hiyo si neema ndogo. Kati ya wenzangu niliojifunza nao ufundi wa mitambo ya sauti hapa Ujiji, yupo anayeshika kikombe kwa vidole vitatu, na wapo walio udongoni, Mungu awarehemu. Mimi bado nashika tasbihi na kuivuta punje moja moja bila kuruka. Kwa hiyo nikiwaambia neno kuhusu umeme, vijana wangu wa studio, msiseme huyu mzee ni wa zama za kaseti. Umeme wa zama za kaseti ndio huu huu.

Ninaandika kwa sababu ya nilichokiona juzi Buzebazeba. Kijana mmoja mwenye sikio zuri amegeuza chumba chake kuwa studio. Ana kompyuta, spika mbili, maiki ya kisasa na godoro kuukuu ukutani la kumeza mwangwi. Akanipokea kwa heshima: "Shikamoo Mzee Sudi, karibu uone ofisi." Nikaiona plagi ya miguu miwili imesukumwa kwenye soketi ya matundu matatu, na tundu la juu limechomekwa kalamu.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii kalamu inaandika nini humu?"

Akacheka. "Mzee, huo ndio ufunguo. Bila hiyo plagi haiingii."

Nikamwonyesha plagi ya amplifaya, mguu wake wa juu umekatwa kwa msumeno. "Na huu?"

"Huo ulikuwa unaleta mvumo. Kuna jamaa nimemwona kwenye simu, anasema waya wa ardhi ukiukata mvumo unaisha. Na kweli umeisha, Mzee. Noma sana. Hebu sikiliza."

Nikasikiliza. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Nikavuta ndoo iliyopinduliwa, nikakaa. Kimya cha namna ile nilikisikia mara moja katika studio moja ya Katubuka, na kilikuwa kimemgharimu mtu uhai.

Nitafika huko. Kwanza niwaeleze kazi ya huo mguu mnaoukata.

Plagi ina miguu mitatu. Mmoja unaleta umeme na mwingine unaurudisha. Wa tatu, ule mrefu, unaweza kukaa miaka bila kazi yoyote, ndiyo maana mnaudharau. Waya wake unaanzia kwenye bati la chombo, unapita ukutani, unatoka nje hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini. Siku waya wa ndani ya chombo ukichubuka na kugusa bati, umeme unakimbilia ardhini kwa njia hiyo, fyuzi inakatika, wewe unanuna na kwenda kutafuta nyingine. Waya huo usipokuwepo, fyuzi haikatiki. Umeme unabaki pale kwenye bati ukisubiri mtu. Na katika studio, bati la amplifaya limeungana na bati la miksa kwa nyaya za sauti, na bati la miksa limeungana na wavu wa maiki. Kwa hiyo umeme hausubiri mkono peke yake. Unasubiri midomo.

Wala msidhani haya ni ya wanamuziki tu. Katika msikiti wa mtaani kwetu alikuwepo muadhini, Mzee Kasimu, mwenye sauti ya kuamsha mtu aliyezimia. Alasiri moja alitoka kutawadha, uso unachuruzika, mikono inachuruzika, nyayo zimelowa, akashika maiki. Takbira ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikapanda juu, ikakaa huko huko, haishuki. Sisi tuliokuwa barazani tukicheza bao tukatazamana. Jirani yangu akasema, "Leo Mzee Kasimu ana shauku." Kisha umeme wa mtaa mzima ukakatika, na sauti ikakatika nao.

Tulimkuta ameketi chini ya ukuta anakitazama kiganja chake. "Sudi," akaniambia, "aliyekata umeme leo, popote alipo, Mungu amjaalie pepo." Mpaka leo watu wakilaani mgao wa umeme yeye huwanyamazisha. Nilipofuata waya wa ardhi wa msikiti niliukuta umefungwa kwenye bomba la maji, kama walivyofanya mafundi wa kale, na ilikuwa sawa wakati bomba lilipokuwa la chuma. Lakini lile la chuma lilikuwa limeoza, likabadilishwa kwa la plastiki, na hakuna aliyekumbuka waya. Waya ulikuwepo, unang'aa, umefungwa kwa ustadi, na hauendi popote. Kwa hiyo msiridhike kuuona waya. Ufuateni kwa macho na kwa mita mpaka mwisho wake.

Aliyenifundisha kufuata waya ni Fundi Mateso, mtu wa Kalemie aliyevuka ziwa akiwa na gitaa na mkoba wa vifaa, akaoa hapa, akafia hapa. Wakati nakutana naye alikuwa haligusi tena lile gitaa. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimekauka kama kijiti, kazi ya umeme wa amplifaya moja ya dansi. Alifundisha kwa ukali. Nikiinama juu ya chombo kilichofunguliwa, nilisikia waya umenichapa mgongoni.

"Sudi! Mkono wa kushoto uko wapi?"

"Mfukoni, fundi."

"Ukae huko huko. Humu haukualikwa."

Maana yake ni kwamba ukishika chombo kwa mikono miwili, umeme una njia ya kuingia huku na kutokea huku, na njia hiyo inapita kifuani. Alinifundisha pia kwamba chombo nisichokiamini nisikiguse kwa kiganja. Niguse kwa mgongo wa vidole, kwa sababu umeme hukunja misuli. Kiganja kitakunjika na kung'ang'ania, bali mgongo wa mkono utaruka nyuma. Alinikataza kufungua amplifaya mara tu baada ya kuichomoa, kwa kuwa ndani yake kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, hubaki zimeshiba kama kupe. Hakuniruhusu kusimama peku. Nilisimama juu ya kreti kavu la soda nimevaa ndala za tairi, na wanawake waliopita kwenda sokoni wakiniuliza kama natoa hotuba.

Sasa nije Katubuka.

Mwenye studio alikuwa Gasto, mtoto wa ukoo uliotoka Kongo zamani, mcheshi, mkarimu, aliyezipenda kwaya kuliko biashara yake. Studio ilikuwa chumba cha nyumba ya kawaida. Kuta zilibandikwa trei za mayai, madirisha yalifunikwa mablanketi. Sakafu ilikuwa saruji tupu, na kwa sababu ya lile vumbi letu jekundu ilipigwa deki kila asubuhi. Kanuni ya nyumba ilikuwa kuvua viatu mlangoni, kama tunavyofanya kwetu sote. Pembeni ya mlango kulikuwa na beseni la maji la kunawia miguu. Hakuna aliyeona kosa. Mtu mwenye adabu haingii ndani na matope.

Aliniita kwa ajili ya mvumo. "Papa Sudi," akasema, "kuna nzi humu ndani ya spika, ananila kichwa. Nimejaribu kila kitu, nikakata na ule waya, akanyamaza. Lakini sasa gitaa likiguswa linatetemesha vidole. Njoo uone."

Nikaenda. Waya wa ardhi wa amplifaya ulikuwa umekatwa ndani ya plagi. Amplifaya yenyewe ilikuwa mzee kama mimi, transfoma yake imeanza kuvuja umeme kwenye bati. Nje, fimbo ya ardhi ilikuwa kipande cha nondo kilichopigwa kwenye changarawe kavu chini ya paa, kinatikisika kama jino la mtoto. Nikamwomba niichukue ile amplifaya nikaizungushie transfoma nyaya mpya. Akakataa, kwaya zilikuwa zimejipanga na hakuwa na nyingine. Basi nikafanya nililoweza. Nikazamisha fimbo ya shaba karibu na ukuta wa bafu ambako udongo haukauki, nikaizungushia mkaa uliopondwa na chumvi ya Uvinza, nikamwagia maji, nikapima. Nikaunganisha upya waya wa ardhi.

Mtetemo ukaisha kwenye gitaa, na nzi akarudi kwenye spika.

Hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo wengi mnapopotea. Mvumo hautokani na kuwepo kwa waya wa ardhi. Unatokea pale vyombo viwili vinapokwenda ardhini kwa njia mbili, kisha vikaunganishwa tena kwa waya wa sauti. Umeme mdogo unapata mduara wa kuzunguka, nao ndio mnaousikia. Dawa ni kuvunja mduara upande wa sauti. Kwanza vyombo vyote vinywe kutoka soketi moja. Waya wa sauti usilale sambamba na waya wa umeme. Mvumo ukibaki, chukua waya wa sauti unaotoka kwenye miksa kwenda kwenye amplifaya, ukate ule wavu wake wa nje upande mmoja tu. Au weka katikati transfoma ndogo ya sauti, inayopitisha wimbo bila kugusanisha mabati. Upande wa umeme usikate kitu.

Niliyafanya yale ya soketi na ya nyaya. Wavu sikuukata, kwa kuwa katika waya wake wa kizamani ndio uliokuwa ukirudisha sauti, na transfoma hizo hazikuwepo mjini. Nzi alipungua, ila hakufa. Nikaagiza transfoma ije kwa treni, nikamwambia Gasto, "Mpaka ije, vumilia huo mlio mdogo."

"Sawa, Papa," akasema.

Siku niliyorudi kukagua kazi yangu, kwaya moja ilikuwa inarekodi. Mwalimu wao alikuwa Filimoni, kijana msomi wa noti, mwenye bidii na dini yake. Mwimbaji wao wa mbele alikuwa Yuditha. Wengi wenu mlimjua bila kujua jina lake. Ndiye yule muuza migebuka wa Katonga aliyeita wateja kwa kuimba, mpaka wauzaji wengine wakalalamika kwamba anawaloga samaki wasinunuliwe kwao. Aliimba ubeti mmoja, akaishusha maiki, akaigonga kwa kidole.

"Hii maiki imekufa," akasema.

Gasto akashangaa. "Mbona nakusikia vizuri?"

"Wewe unanisikia. Mimi haisemi na mimi." Akageuka kwa wenzake. "Si mnajua? Zamani nikiweka tu mdomo hapa, kitu kinanishuka. Kinaanzia kwenye midomo, kinapita kwenye meno, mpaka kifuani. Sasa nimemaliza ubeti mzima, kimya."

Mwanakwaya mmoja akaitikia, "Hata mimi nilipokea hapo hapo." Mwingine akasema ndiyo maana walipenda kurekodi kwa Gasto, kwani chumba kile kina upako.

Mimi ni Mwislamu, nimelelewa chuoni kwa Kurani, na nimefundishwa kutoingiza mkono katika ibada ya mwenzangu. Lakini nilikuwa na testa mfukoni. Nikaomba ruhusa, nikasema taratibu kwamba kile kilichokuwa kikimshuka ni umeme uliokuwa ukivuja, na kwamba nimeuzuia kwa waya.

Filimoni akanijia. "Mzee Sudi, mimi nakuheshimu kama baba. Ila mambo ya Roho Mtakatifu wewe unayajulia wapi?"

"Siyajui, Mwalimu, wala sitayasema. Nasema mambo ya waya. Hayo nayajua."

Yuditha akaweka mkono kiunoni. "Kwa hiyo, Mzee, siku zote hizi nimekuwa nikibarikiwa na nguzo ya umeme?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka. Kisha nikawaomba wote wasogee, asiguse mtu. Nikautoa waya wa ardhi kwa kitambo kidogo, nikagusa wavu wa maiki kwa testa. Kile kitaa chekundu cha ndani yake kikawaka. Nikaurudisha waya, kikazimika. Kila mtu aliona.

Filimoni akatikisa kichwa. "Hata Musa aliona moto kwenye kijiti."

"Amina," sauti ikaitikia nyuma.

Lakini Yuditha hakuitikia. Alikuja nje nilipokuwa nafunga mkoba wangu, akachuchumaa karibu nami kama mtu aliye na mgonjwa nyumbani.

"Mzee, kama ni umeme, mbona haukuniumiza?"

"Kwa sababu ulikuwa unavuja kidogo, na sasa ni kiangazi, sakafu inakauka haraka. Mvua zikianza, na ile amplifaya ikizidi kuoza, hautakuwa kidogo."

Akakwangua magamba ya samaki yaliyokauka kwenye mkono wake. "Unajua kinachoniumiza? Pale ndipo nilipokuwa najua kwamba Mungu ananisikia. Sasa nitajuaje?"

Swali hilo halikuwa la fundi, ila aliniuliza mimi, na sikuweza kumwacha nalo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimeswali tangu utotoni. Siku nyingi nimesimama kwenye mkeka na sikuhisi kitu, isipokuwa magoti. Nilimlalamikia mwalimu wangu wa chuo. Akaniambia, wewe simama, kuhisi si juu yako. Nimesimama hivyo hivyo mpaka leo, na simshuku Mungu kwamba hakunisikia."

Kisha akacheka kidogo, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Haya. Basi nitaimba kavukavu hivyo hivyo."

Na aliimba. Naomba mlijue hilo. Alirudi ndani akaimba bila kitu cha kumtetemesha, na Gasto alisema hajawahi kumrekodi akiimba vizuri kama siku ile.

Kisha mvua zikaja, reli ikakatwa na maji huko njiani, na transfoma yangu ikalala stesheni nisiyoijua. Kwaya ilikuwa na mkutano mkubwa wa injili mbele yao, walitaka nyimbo ziwe tayari. Filimoni alisikiliza zilizokwisha kurekodiwa, akamwambia Gasto ule mlio wa nyuma hautakubalika, utawaaibisha mbele ya kwaya za Kasulu na Bujumbura. Gasto akaniambia kwa simu, nami nikamjibu, "Subirini transfoma." Akasema sawa.

Hakusubiri. Siku ya wimbo wa mwisho aliuondoa waya wa ardhi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Yuditha alitoka moja kwa moja Katonga, na kwa kuwa hakutaka kuwaudhi wenzake kwa harufu ya samaki, alinawa mikono na miguu kwenye lile beseni mlangoni, akaingia peku, hajajifuta, akasimama kwenye saruji iliyolowa. Gasto hakumwambia kuhusu waya. Hilo ananiapia mpaka leo, kwamba Yuditha hakujua.

Nilipigiwa simu nikiwa nyumbani Ujiji. "Papa Sudi, kuja. Kuja mbio." Nilifika kwa bodaboda nimelowa chapachapa. Walikuwa wamekwisha kumpeleka hospitali, na habari ya hospitali ilikuwa imekwisha kurudi. Gasto alikuwa ameketi sakafuni. Nikafungua plagi. Waya wa ardhi ulikuwa umetolewa, na ncha yake ameizungushia tepu nyeusi vizuri, safu juu ya safu, usije ukamdhuru mtu.

"Nilisema wimbo mmoja tu, Papa," akawa anarudia. "Mmoja tu, halafu naurudisha."

Nikakaa naye chini.

Baadaye akanisikilizisha alichorekodi, kwa sababu hakujua akifanye nini. Ndipo niliposikia kimya kile. Nyuma ya sauti hakuna nzi, hakuna chochote, kama kisima. Yuditha anaanza kuimba. Mwisho wa ubeti wa kwanza anapumua, na kwa sauti ndogo, ya furaha, anasema, "Amerudi." Anaendelea. Katikati ya neno sauti inakatika. Unasikia kishindo. Na baada ya kishindo, vijana wangu, unasikia vigelegele.

Walidhani ameshukiwa. Alikuwa sakafuni anatetemeka, maiki imeng'ang'ania mikononi mwake, na wenzake wamemzunguka wamenyoosha mikono juu wakimshukuru Mungu. Swichi kubwa ilikuwa ukutani karibu na mlango, usawa wa bega la mtu. Aliyekuwa amesimama hapo aliiegemea huku akilia kwa furaha. Aliyeona kuwa kuna jambo ni Gasto, aliponusa harufu, na hapo muda ulikuwa umekwenda.

Kwa hiyo shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Mtu akianguka akiwa ameshika maiki, gitaa au chombo chochote chenye waya, kwanza zima umeme. Usimshike kabla hujazima, utaganda naye. Kama swichi iko mbali, msukume kwa mti mkavu. Akishaachia, kama hapumui, mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka, usiache mpaka wafike wanaojua zaidi. Kama alikuwa katika Roho, Roho hatakasirika kwa kuwa umezima swichi.

Msiba ulikuwa nyumbani kwa mama yake, Buzebazeba. Nilikwenda. Sisi na wao tunazikana, ndivyo tulivyolelewa mji huu. Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, na ndani kwaya iliimba nyimbo za furaha. Wote walivaa nyeupe. Filimoni alisimama akashuhudia jinsi dada yetu alivyotwaliwa akiimba, na jinsi neno lake la mwisho lilivyokuwa ushahidi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, naamini alihitaji sana kuliamini lile alilokuwa akilisema. Akasema kwamba siku ya mazishi watu watasikilizishwa kile alichorekodi Gasto, wapate kuamini. Watu wakapiga makofi. Waliotoka ndani walipita wakiambiana, "Mama yake ana heri. Ni wangapi wanaokufa hivyo?"

Kisha mwanamke mmoja akaja akaniambia mama wa marehemu ananiita.

Alikuwa chumbani, ameketi kwenye mkeka, mwanamke mwembamba, macho makavu kabisa. Nikavua kofia, nikampa pole. Akawaomba waliokuwepo watupishe. Walipotoka akasema, "Baba Sudi, mwanangu aliniambia habari zako. Aliniambia ulimwonyesha kitaa."

"Nilimwonyesha, mama."

"Basi wewe ndiye nitakayekuuliza. Hawa wananiambia ni Roho aliyemchukua. Wewe uliyeona ule waya, niambie. Ni nini kilichomuua mwanangu?"

Nje kwaya iliendelea. Nilijua kwamba jibu langu litaingia katika dini yake, na kwamba kwa neno moja ningeweza kumwachia faraja aliyoletewa na watu wake wote. Nikamwomba Mungu wangu ulimi.

"Ni umeme uliomuua, mama," nikasema. "Waya uliondolewa, na sakafu ilikuwa imelowa. Kwa Mungu amekwenda, kama tutakavyokwenda sote, na simtilii shaka mwanao huko alikokwenda. Lakini kilichomuua ni umeme, na hakikuwa kitu cha lazima kumpata siku ile."

Nilidhani atanifukuza.

"Ile sauti wasiipige makaburini," akasema. "Kawaambie nimekataa."

"Nitawaambia."

"Tangu juzi wananiambia nifurahi," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunipa ruhusa ya kulia."

Akajifunika kanga usoni, akalia kwa sauti, mpaka kule nje nyimbo zikanyamaza.